Tembo wa Dhahabu Aliyezaliwa Tabora

Septemba 2026 inatimia miaka 110 tangu majeshi ya Ubelgiji yalipoiteka Tabora, tarehe 19 Septemba 1916. Vita vile vinasimuliwa. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka huohuo mji huu ulikuwa ukitengeneza fedha zake wenyewe.

Kabla ya hapo palikuwa Kazeh, kituo cha misafara ya pembe za ndovu. Mtemi Isike alipambana na Wajerumani hadi Januari 1893. Reli ikafika 1912.

Vita Kuu ilipopamba moto, manowari za Uingereza ziliifunga pwani na sarafu zikaadimika. Wajerumani wakaigeuza karakana ya reli ya Lulanguru kuwa kiwanda cha fedha. Maganda ya risasi na shaba chakavu vikayeyushwa kuwa sarafu za heller 5 na 20. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, ikawa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na mwaka 1916.

Katalogi za wakusanyaji zinataja sarafu 16,198 tu za aina hiyo. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168; robo tatu ni dhahabu, yaani gramu 5.376.

Robo iliyobaki ndiyo humtia sonara kishawishi cha kuisafisha. Tindikali ya nitriki peke yake haiwezi: dhahabu ni nyingi mno, inazuia tindikali kupenya. Sonara huyeyusha sarafu pamoja na madini ya fedha mpaka dhahabu ibaki kama robo ya mchanganyiko, kisha huufanya bamba jembamba na kuuchemsha katika tindikali. Moshi wa kahawia, wenye sumu kali kwa mapafu, unapanda. Maji yanageuka kijani kwa shaba inayoyeyuka. Chini hubaki unga wa kahawia: ndiyo dhahabu. Fedha hutenganishwa kwa kutia chumvi, ikaganda kama kloridi nyeupe.

Mwisho wa kazi hiyo ni gramu tano za dhahabu na tembo aliyepotea milele. Ni hasara tupu, kwa kuwa wakusanyaji hulipa bei inayoipita mbali thamani ya madini yake.

Basi ukiikuta sarafu hii katika masanduku ya wazee, usiipeleke kwenye tindikali. Ipeleke makumbusho ikatambuliwe. Na viongozi wa Tabora waiweke Lulanguru katika orodha ya mambo ya kale ya mkoa, sambamba na Kwihara ya Livingstone. Inastahili.