Mche na Udongo Wake

Fundi wa kompyuta akisema "nimeipoti," ana maana kwamba programu iliyoandikwa kwa ajili ya Unix sasa inafanya kazi kwenye Windows. Mwenye haraka atalitafutia neno tafsiri bandarini. Atapotea: mzizi wa neno hilo ni Kilatini cha kubeba, hauna gati wala meli.

Kuhamisha, basi? Anayehama hufunga virago, akafika na vyungu vyake vilevile. Programu haihami hivyo. Huko Unix ilizoea kuomba huduma kwa majina ambayo Windows haiyajui.

Mimi nachagua kupandikiza, neno la mkulima wa mpunga. Zana iitwayo Cygwin, aliyoianza Steve Chamberlain mwaka 1995 katika kampuni ya Cygnus, hung'oa mche na bonge la udongo wake: kuna maktaba inayokaa katikati, ikigeuza kila ombi la Kiunix liwe la Kiwindows. Mizizi haishtuki, ila bonge ni zito. Programu kujizaa nakala, jambo jepesi kwenye Unix, hapa hukokota. Zana nyingine, MinGW, yenyewe huiosha mizizi. Programu izoee udongo mpya, na ikigoma, mwandishi arudi kwenye msimbo.

Zote mbili hutegemea GCC, zana ya kugeuza msimbo kuwa programu, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987. Zana ya aina hiyo baadhi yetu huiita kikusanyi. Jina hilo lilifaa mwaka 1952, maana zana ya A-0 ya Grace Hopper kweli ilikusanya vipande vya programu. GCC inafasiri. Mfasiri humaliza maandishi ndipo yasomwe. Anayesimama kando ya msemaji, sentensi kwa sentensi, ni mkalimani, na kompyuta zina wote wawili.

Tena GCC ni huru, si ya bure tu. Kiingereza kina neno moja kwa maana zote mbili, na Stallman hachoki kulifafanua. Sisi tuna mawili, ingawa "bure" yetu ni pia ya aliyekwenda sokoni akarudi mikono mitupu.

Turudi shambani. Mwaka 1989 mtunga programu DJ Delorie alimuuliza Stallman kama GCC ingeweza kupelekwa kwenye mfumo wa MS-DOS. Akajibiwa haiwezekani: GCC ni kubwa mno, na DOS ni ya biti 16. Delorie akatengeneza go32, programu iliyoifungulia DOS mlango wa biti 32, yaani akatengeneza udongo kwanza. Mche ukashika, ukaitwa DJGPP.