Safari ya Kitabu: Maktaba za Vyuo Vikuu katika Migori na Homa Bay

Nchi iliyo kusini ya Ghuba ya Winam, kutoka pwani ya Ziwa Viktoria hadi mpaka wa Tanzania, leo imegawanyika katika kaunti mbili, Homa Bay na Migori. Watu wengi huijua kwa samaki wake, miwa yake na tumbaku yake. Wataalamu wa mambo ya kale huijua kwa sababu nyingine. Mwaka 1932 msafara wa Louis Leakey ulipata kipande cha taya la kale huko Kanam, karibu na Mlima Homa. Mwaka 1948 mkewe, Mary Leakey, alipata katika kisiwa cha Rusinga fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya nyani wakubwa, ambaye wataalamu wa wakati ule walimwita Proconsul. Fuvu hilo lilichukuliwa hadi London, na habari zake zikaandikwa na kusomwa huko Ulaya.

Sasa fikiri, ewe msomaji, hali ya kijana wa Rusinga katika miaka ile. Fuvu lilitoka katika ardhi ya kwao, pengine si mbali na shamba la baba yake. Walakini, kama angetaka kusoma yale yaliyoandikwa juu yake, angeyapata wapi? Kisiwani hapakuwa na maktaba ya wataalamu. Habari za nchi yake zilijulikana ng'ambo kabla hazijajulikana nyumbani.

Kisa hicho kidogo chatuonyesha maana ya historia ya maktaba. Si historia ya majengo na makabati tu. Ni historia ya umbali ulio kati ya kitabu na mtu anayekihitaji, na ya jitihada za watu waliotaka kuupunguza umbali huo.

Jitihada za kwanza zilikuwa ndogo. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mjini Nairobi mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo. Mwaka 1948 ikaundwa Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ambayo wengi waliijua kwa jina la East African Literature Bureau. Pamoja na kuchapisha vitabu, halmashauri hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani, na wasomaji waliokaa mbali waliazima vitabu kwa posta. Kenya ilipokwisha kupata uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1965 ya kuanzisha Huduma ya Maktaba ya Taifa. Hivyo kitabu kilianza kumfuata msomaji, ingawa kwa mwendo wa pole.

Lakini masanduku yale hayakuweza kumtosheleza mtu aliyetaka elimu ya juu. Mtu huyo alilazimika kusafiri mwenyewe. Mfano ulio maarufu kuliko yote watoka katika nchi hii hii. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika mashamba ya mkonge huko Kilima Mbogo, lakini asili ya jamaa yake ni Rusinga. Akishirikiana na wenzake, na marafiki wa Marekani, alitafuta fedha na nafasi za masomo, na mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege ilichukua wanafunzi 81 kwenda Marekani. Hadi mwaka 1963 waliosafirishwa kwa mpango huo walikuwa kama 800. Vyuo vya Afrika Mashariki wakati huo vilikuwa haba, na nafasi zake zilikuwa chache mno. Wengi waliotaka elimu ya juu iliwapasa wavuke bahari kuifuata.

Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi mwaka 1969, akazikwa Rusinga. Hakuiona siku ambayo chuo kikuu kingefunguliwa nyumbani kwao. Mwaka 2011 kilianzishwa huko Rongo, katika Kaunti ya Migori, chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2016 kikapata hati yake ya kujitegemea kwa jina la Chuo Kikuu cha Rongo. Mwaka huo huo wa 2016 kilianzishwa mjini Homa Bay chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Maseno, kikapewa jina la Tom Mboya. Mwaka 2022 nacho kikawa chuo kikuu kamili.

Chuo kikuu kisicho na maktaba ni sawa na shamba lisilo na kisima. Lakini maktaba ya chuo kichanga hukabiliwa na taabu kubwa. Maktaba za zamani zilikusanya vitabu kwa miaka mingi, kimoja kimoja. Kila kitabu kiliandikiwa kadi zake: moja kwa jina la mwandishi, moja kwa jina la kitabu, na nyingine kwa jambo linaloelezwa. Kadi zilipangwa katika visanduku, na kila kitabu kikapewa namba ya mahali pake. Katika utaratibu uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, historia ya Afrika huanzia namba 960, na ya Kenya ni 967.62. Utaratibu huo ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na kasoro moja: aliyetaka kujua kama kitabu kipo ilimbidi aje mwenyewe, afungue kisanduku, apekue kadi kwa vidole.

Ilipokuja kompyuta, kadi ziliingizwa ndani yake. Vyuo vingi vya Kenya hutumia programu iitwayo Koha. Jina hilo ni neno la Wamaori wa Nyuzilandi, na maana yake ni zawadi. Nalo lafaa, kwa kuwa programu hiyo ilianza kutumika huko Nyuzilandi mwaka 2000 katika maktaba ndogo za wilaya, na waliotengeneza wakaitoa itumiwe na kila mtu bila malipo. Kwa njia hiyo mwanafunzi aliye Sori, kando ya ziwa, aweza kutazama orodha ya vitabu vya chuo chake kabla hajalipa nauli.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa kuja kwa majarida ya wataalamu kwa njia ya intaneti. Bei ya majarida hayo ni kubwa mno kwa chuo kimoja peke yake. Kwa hiyo mwaka 2003 maktaba za Kenya ziliungana katika umoja uitwao KLISC, zikaanza kuchanga fedha na kununua ruhusa ya kusoma kwa pamoja. Wazee wetu walijua siri hiyo tangu zamani: mzigo unaomshinda mmoja huinuliwa na wengi. Miaka michache baadaye, mwaka 2009, nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na mwendo wa intaneti ukaongezeka katika nchi nzima.

Hata hivyo yatupasa kusema kweli yote. Kitabu kilichonunuliwa kikawekwa rafuni ni mali ya maktaba. Lakini majarida mengi ya intaneti hukodiwa kama nyumba: siku ada isipolipwa, mlango waweza kufungwa. Tena umeme ukikatika, skrini hutiwa giza, ambapo kitabu chaweza kusomwa hata kwa taa ya kibatari. Na mwanafunzi asiye na fedha za kununua data huweza kukaa nje ya maktaba kubwa kuliko zote duniani, akiwa na simu mkononi. Kwa ajili hiyo chuo chenye busara hakitupi rafu zake.

Kuna kazi nyingine ya maktaba mpya, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Zamani tasnifu ya mwanafunzi iliwekwa katika kabati, ikaliwa na mchwa. Siku hizi vyuo vikuu, Rongo kikiwa kimojawapo, huweka hazina ya maandishi katika intaneti, ili kazi za walimu na wanafunzi ziweze kusomwa mahali popote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambalo mwaka 2018 liliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mawe yale hayasemi. Habari za watu walioyapanga, na za waliokaa humo baada yao, hazina budi kutafutwa, kuandikwa na kutunzwa.

Tunaye mtangulizi wa kutuongoza. Paul Mboya, aliyekuwa chifu huko Karachuonyo, aliandika mila na desturi za Wajaluo katika kitabu *Luo Kitgi gi Timbegi*, kilichotoka mwaka 1938. Hakuwa na chuo kikuu karibu naye, wala kompyuta, lakini aliona kwamba maneno ya wazee yasipoandikwa yatazikwa pamoja nao. Kama yeye aliweza wakati ule, sisi tutajitetea kwa neno gani?

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza katika jarida la *Science* la Marekani habari za Nyayanga, katika rasi ya Homa. Huko yalichimbuliwa mawe yaliyochongwa na viumbe wa kale, yapata miaka milioni 2.6 iliyopita au zaidi, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwa nyama kwa mawe hayo. Safari hii kijana wa Homa Bay hakulazimika kupanda ndege ili ajue yaliyoandikwa juu ya ardhi ya kwao. Umbali umepungua sana tangu siku za fuvu la Rusinga.

Lakini umbali mmoja umebaki, wala hakuna chombo kiwezacho kuuondoa: ule ulio kati ya kitabu kilichofunguliwa na akili ya anayekitazama. Mkutubi aweza kukuonyesha njia, na kukufundisha kupambanua habari ya kweli na ya uongo. Kusoma ni kazi yako mwenyewe. Ninyi mlio shuleni leo ndio mtakaoingia katika maktaba hizo kesho. Msiende humo kuchukua tu. Nendeni mkiwa na nia ya kuongeza kitu, ili siku moja mtu aliye London au New York akitaka kuijua nchi ya Migori na Homa Bay, asome kwanza yaliyoandikwa na wenyeji wake.