Kutengwa kwa Wanaosusa Chakula

Mzazi mmoja, rafiki yangu wa miaka mingi, alinijia ofisini mwezi mmoja baada ya kupata habari kwamba binti yake, aliyekuwa akisoma chuo katika Marekani, ameingizwa katika nyumba ya matibabu ya maradhi ya kula. Hakuja kwa kuwa mimi ni tabibu. Udaktari wangu ni wa lugha, na lugha haiponyi hata mafua. Alikuja kwa sababu alikuwa na waraka wa kurasa nne ulioandikwa kwa Kiingereza cha hospitali, naye alitaka kusomewa na mtu ambaye hamwonei haya. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba katika juma la kwanza mgonjwa hatapokea simu ila kwa saa zilizowekwa. Ukurasa wa tatu ulimwalika mzazi huyo huyo aje akae mezani na mwanawe. Akaniuliza, "Mwalimu, hawa wananifukuza au wananiita?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilikwenda maktaba, nikarudi siku nyingine, na nilichokipata nakiweka hapa, maana niliona kwamba swali lake lina umri wa zaidi ya miaka 150, na waganga wakubwa wa Ulaya walilijibu kila mmoja kwa namna yake.

Kwanza jina. Maradhi haya yaliitwa anoreksia, neno la Kiyunani lenye maana ya kukosa hamu ya chakula. Jina hilo ni kosa, na waganga wenyewe wamekwisha kukiri hivyo. Mgonjwa huyu aghalabu hakukosa hamu. Njaa yamtafuna usiku na mchana, naye huishinda kwa nguvu za kutisha, akihofia kunenepa ingawa mbavu zake zahesabika. Kiswahili kina maneno yaliyo karibu zaidi na jambo lenyewe. Kuna kufunga, ambako kuna nia na kikomo, na jua likichwa mtu hufuturu. Kuna kujinyima, ambako mtu huacha kitu ili apate kingine. Na kuna kususa, neno la nyumbani hasa: mtoto aliyeudhiwa husukuma sahani, na nyumba nzima ikaanza kumbembeleza. Hakuna hata moja katika hayo litoshalo peke yake, lakini atakayeyashika yote matatu atazifuata habari hizi bila taabu.

Mwaka 1689 Richard Morton, tabibu wa London, alichapa kwa Kilatini kitabu juu ya maradhi ya kukondesha, na ndani yake alieleza wagonjwa wawili ambao hakuona kwao dalili ya kifua kikuu wala homa. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 18, aliyechoka na dawa akazikataa, akafa. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka 16, mwana wa kasisi. Huyu Morton alimwamuru aache masomo, aende shamba kwenye hewa safi, apande farasi na anywe maziwa, naye akapata nafuu kubwa. Yafaa msomaji aone mambo mawili hapa. Tangu mwanzo maradhi haya hayakuwa ya wanawake peke yao, ijapokuwa wao ndio wengi. Na tangu mwanzo dawa iliyofaa ilihusu mahali: mgonjwa aliondolewa pale alipokuwa.

Kati ya Morton na waganga wa karne ya 19 kuna kisa kimoja ambacho sikuweza kukiruka. Katika Wales alikuwako mtoto wa mkulima, Sarah Jacob, ambaye wazazi wake walitangaza kwamba tangu mwezi wa Oktoba 1867 hali kitu. Watu walikuja kutoka mbali kumtazama akiwa kitandani amepambwa, wakamwachia zawadi. Mwezi wa Desemba 1869 wauguzi wanne waliletwa kutoka Hospitali ya Guy's ya London ili wakae naye mchana na usiku wapate kujua ukweli. Waliagizwa wasimnyime chakula akiomba. Lakini hawakuagizwa wampe asipoomba. Mtoto hakuomba. Siku ya nane tangu ulinzi uanze, tarehe 17 Desemba, akafa, ana umri wa miaka 12, na wazazi wakatiwa gerezani. Wauguzi wanne wa hospitali kubwa walikaa kando ya kitanda wakimwangalia mtoto akifa kwa njaa, kwa kuwa kazi waliyopewa ilikuwa kuangalia. Katika yote niliyoyasoma hakuna lililonikaa moyoni kama hilo.

Hospitali hiyo ndiyo aliyoitumikia William Gull, na mwaka 1873 Gull alisoma mbele ya waganga wenzake wa London makala iliyoupa ugonjwa huu jina ulilonalo hata leo. Alieleza wasichana waliokonda kupita kiasi, mapigo ya moyo yamepungua, mwili umepoa, nao hawatulii, wanakwenda huku na huku kama wasio na ugonjwa. Amri yake ilikuwa kinyume cha ile ya Wales: mgonjwa alishwe kila baada ya saa chache, wala asingojewe mpaka apende. Akaongeza kwamba jamaa na marafiki ndio wauguzi wabaya kuliko wote kwa mgonjwa wa namna hii. Mwaka huo huo Charles Lasègue wa Paris aliandika juu ya jambo lile lile, naye kwa maoni yangu aliona mbali kuliko Gull, maana Gull alimtazama mgonjwa na Lasègue aliitazama nyumba. Aliona kwamba jamaa wana njia mbili tu, kubembeleza na kutisha, na kwamba kadiri wanavyozidi katika njia hizo ndivyo sahani inavyozidi kuwa kipimo cha mapenzi yote ya nyumbani. Mtu wa pwani aliyewahi kuona mtoto akisusa hahitaji kufasiriwa jambo hilo.

Jean-Martin Charcot, bingwa wa Salpêtrière, alilitoa jambo hili katika uwanja wa mashauri akalifanya sheria. Alisimulia habari za msichana wa Angoulême aliyeletwa Paris karibu na kufa. Charcot aliwaamuru wazazi waondoke, nao wakasitasita. Aliposikia kwamba wamekwisha kwenda, msichana alilia, kisha akaanza kula. Baadaye alieleza kwamba maadamu baba na mama walikuwapo alidhani ugonjwa wake si wa kufa, na walipoondoka aliogopa. Baada ya Charcot, Jules Dejerine aliwalaza wagonjwa wa namna hii nyuma ya mapazia yaliyofungwa, bila barua wala wageni, hata wapate nafuu. Ng'ambo ya bahari, Weir Mitchell wa Philadelphia alichapa mwaka 1877 kitabu kilichosifu mapumziko: majuma mengi kitandani, maziwa, kukandwa viungo, wala hakuna kusoma. Wanawake wengine walinenepa wakashukuru. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman, aliyetibiwa kwa njia hiyo mwaka 1887 kwa huzuni na si kwa kukonda, alisema ilikaribia kumtia wazimu.

Basi waraka wa rafiki yangu, katika ukurasa wake wa kwanza, ulikuwa bado na harufu ya Charcot.

Katika karne ya 20 mambo yalipotea njia kwa muda. Mwaka 1914 Morris Simmonds wa Hamburg alieleza kukonda kutokanako na kuharibika kwa tezi iliyo chini ya ubongo, na kwa miaka zaidi ya 20 wasichana wengi waliokuwa wakijinyima walitibiwa kwa dawa za tezi ambayo haikuwa na ubaya wo wote. Hilo lapita.

Lisilopita ni jaribio la Minnesota. Mwezi wa Novemba 1944 vijana 36, wanaume wazima wenye afya, waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, walijitolea kukaa katika chuo kikuu huko chini ya Ancel Keys. Kwa muda wa miezi sita ya mwaka 1945 walipewa karibu nusu ya chakula walichokizoea, hata wakapoteza kama robo ya uzito wao. Nia ilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa vitani. Lakini wale vijana waliyatenda yale yale ambayo waganga walikuwa wakiyahesabu kuwa tabia za wasichana wagonjwa. Walisoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walikatakata chakula vipande vidogo wakakikalia kwa saa nzima. Walijitenga, wakawa na hasira na huzuni, na wengine walipofunguliwa walikula pasipo kushiba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameanza kwa kuhofia unene. Jaribio lile, lililochapishwa mwaka 1950 katika vitabu viwili vikubwa, lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ukaidi ni kazi ya njaa yenyewe, na kwamba mazungumzo na mtu mwenye njaa kali huwa na mipaka mpaka ale.

Vita ile ilileta na fundisho jingine: wafungwa waliofunguliwa wakiwa mifupa mitupu walikufa baadhi yao baada ya kulishwa kwa wingi. Mwili ulioshinda na njaa ukipewa chakula ghafula huivuta fosfeti ya damuni, na moyo waweza kusimama. Kwa hiyo msomaji akisikia kwamba mgonjwa aliyekonda mno anaanzishiwa chakula kidogo kidogo na kutolewa damu mara kwa mara, asidhani kwamba watu wanafanya ubahili.

Nyumba yenyewe ambayo rafiki yangu aliiulizia ni kitu kipya. Hospitali zilikuwa na vyumba vya wagonjwa hawa, na katika miaka ya 1960 zilianza kuwatibu kwa malipo na adhabu: ukiongeza uzito utapata kitabu au mgeni, usipoongeza utabaki kitandani. Hilde Bruch, mwanamke tabibu aliyewakimbia Manazi akafanya kazi Marekani, alilipinga jambo hilo kwa maandishi mwaka 1974, akidai kwamba anayejinyima ili apate walau kitu kimoja cha kukitawala huumizwa zaidi akinyang'anywa na hicho. Mwaka 1979 Gerald Russell wa London alieleza bulimia, ambapo mtu hula kwa wingi kwa siri kisha akajitapisha, naye huenda asikonde hata kidogo. Mwaka 1983 alikufa mwimbaji Karen Carpenter, na Marekani yote ikajua jina la maradhi. Miaka miwili baadaye, 1985, ilifunguliwa Philadelphia nyumba ya Renfrew, ya kwanza katika nchi ile iliyowekwa kwa maradhi haya tu, na iliyo mfano wa nyumba kuliko wa hospitali.

Yanayotendeka ndani ya nyumba za namna hii hayatofautiani sana. Anayeingia hupimwa damu na moyo kwanza, na akionekana kuwa hatarini hupelekwa hospitali hata mwili utulie. Mizigo yake hupekuliwa, jambo ambalo wengi hulichukia. Asubuhi hupimwa uzito akiipa mizani mgongo, asiione namba. Hula mara tano au sita, milo mitatu na vitafunio katikati, kwa saa zisizobadilika, na muuguzi huketi mezani pamoja nao. Baada ya kula choo hufungwa kwa muda au huingiwa kwa kusindikizwa. Asiyemaliza sahani hupewa kinywaji cha kufidia. Mchana kuna mazungumzo, ya watu wengi pamoja na ya mtu mmoja na mganga wake. Kadiri siku zinavyokwenda hufunzwa kujipakulia, kisha kupika, kisha kwenda mkahawani kama watu wengine. Majuma ya kwanza aghalabu ndiyo mabaya: tumbo hujaa gesi, miguu huvimba, na hofu huzidi badala ya kupungua, kwa kuwa silaha imeondolewa kabla ya vita kwisha. Mzazi akipigiwa simu na mwanawe akilia kwamba aondolewe, ajue kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa wengi waliopona.

Gharama ni kubwa mno, na katika Marekani wengi walitolewa kabla ya wakati kwa kuwa bima ilikataa kuendelea kulipa. Sheria ya Desemba 2016 ilijaribu kurekebisha jambo hilo, na mabishano hayajakwisha. Tena si wote wanaopona. Mwaka 2002 Steinhausen alikusanya uchunguzi 119 wa miaka mingi, akaona kwamba katika wagonjwa waliosalia hai, waliopona kabisa hawakufika nusu, kama theluthi walipata nafuu, na mmoja katika kila watano alibaki na maradhi. Nilimwambia rafiki yangu hesabu hizo bila kuzipunguza, kwa kuwa aliniuliza, na kwa kuwa ni mtu wa hesabu.

Sasa ukurasa wa tatu. Mwaka 1987 Russell na wenzake walichapa matokeo ya wagonjwa 80 waliotoka hospitalini. Waligawanywa: wengine walitibiwa pamoja na jamaa zao, wengine peke yao. Vijana walioanza kuugua kabla ya miaka 19, na ambao hawajaugua zaidi ya miaka mitatu, walifaulu zaidi walipokuwa na jamaa zao. Wazazi ambao Gull aliwaita wauguzi wabaya na Charcot akawafukuza walirudishwa mezani, na leo kwa watoto na vijana matibabu yanayopendelewa kwanza ni ya nyumbani, wazazi wakishika kijiko. Nyumba za kulala zimebaki kwa wale ambao njia hiyo haikuwafaa, au walio wakubwa, au walio mbali na kwao kama binti huyu.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu, rafiki yangu alinikatiza. Binti ana miaka 20. Je, kwa umri huo, nani aliyeamua kwamba baba aitwe? Tukaurudia waraka. Chini ya ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo ambazo sote wawili tulikuwa tumeziruka, iliandikwa kwamba mgonjwa aliyetimiza miaka 18 ndiye anayechagua jamaa wa kualikwa, na kwamba bila sahihi yake nyumba haitaandika barua kwa mtu. Sahihi ilikuwapo. Baba aliitazama kwa muda, akasema mwandiko umebadilika, kisha akaniuliza viza hupatikana kwa siku ngapi.