Redio Inayoishia 90: Simu Ilivyoingia Kwenye Magari ya Arua na Koboko

Redio ya zamani ya gari iliyotengenezewa Japani huishia 90.0. Wajapani walitenga megahezi 76 hadi 90 kwa ajili ya FM, na masafa ya juu yake wakazipa televisheni za analojia, ambazo zilizimwa karibu nchi nzima Julai 2011. Nchini Uganda, FM ni 87.5 hadi 108. Radio Pacis ya Dayosisi Katoliki ya Arua, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2004, iko 90.9 na 94.5. Basi mtu alinunua Toyota yake Kampala, akaifikisha Arua salama, akazungusha kitufe mpaka mwisho, na redio ya nyumbani kwake asiipate.

Hapo fundi wa redio alipata kazi. Dawa yake ni ekspanda, kikasha kinachoenea kiganjani. Fundi hung'oa redio kwenye dashibodi, huchomoa waya wa antena nyuma yake na kuupachika kwenye ekspanda, kisha mkia wa ekspanda huuingiza redioni. Waya mwekundu huenda kwenye volti 12, mweusi kwenye bodi. Kuanzia hapo masafa hushushwa kabla ya kuingia redioni: ekspanda ikiwa ya megahezi 12, 90.9 hunaswa kwenye 78.9, na 94.5 kwenye 82.5. Dereva huzikariri namba hizo mpya, na mgeni akiomba kuwekewa stesheni fulani, ni yeye tu ajuaye ilipo.

Simu nyingi za wakati Radio Pacis inaanza hazikuwa na muziki wa kuchezwa garini. Zilichotaka ni umeme, na umeme West Nile, eneo la Arua na Koboko, ulikuwa taabu. Eneo lote lilikuwa nje ya laini ya taifa. Kampuni ya WENRECO, iliyoanza 2003, ilitegemea jenereta, na maji ya mto Nyagak kule Zombo hayakuanza kutoa megawati zake 3.5 hadi 2012. Mwaka huo wa 2003 MTN na Grameen Foundation walizindua Uganda mradi wa simu za kijiji. Waliokopeshwa vifaa walipata simu, antena, na nyaya za kuunganishia simu kwenye betri ya gari. Jambo hilo nalipa uzito mkubwa. Betri ya gari ilichaji simu hata katika vijiji ambako hakuna aliyemiliki gari.

Gari lenyewe lilikuja na tundu tayari: la kiwashio cha sigara. Wengi hawakuwahi kuwashia sigara humo. Chaja ya Nokia yenye ncha nyembamba iliingia hapo, na safari ikageuka kuwa nafasi ya kuipa simu uhai. Walioketi mbele karibu na dereva walifaidi kwanza.

Kisha ikaja modyuleta, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kilichobadilisha safari za kwetu kama hiki. Nayo huchomekwa kwenye tundu la kiwashio. Hupokea nyimbo kutoka kwenye fleshi, memori kadi au waya wa simu, ikazirusha kwa FM hafifu hadi kwenye redio ya gari lilelile. Nyingi zina pia tundu la USB la kuchajia. Wenye redio kaseti walikuwa na njia nyingine, kaseti bandia yenye waya, lakini hiyo haichaji kitu.

Shida ya 90 ilimfuata dereva hadi hapa. Modyuleta hurusha kuanzia 87.5, redio ya Kijapani isiyo na ekspanda inaishia 90, nafasi ya kukutana ni megahezi mbili na nusu, tena zenye stesheni nyingine ndani yake. Aliyefungiwa ekspanda alipiga hesabu: modyuleta 96, redio 84. Teksi mbili zikisimama ubavu kwa ubavu pakini kwenye masafa yaleyale, wimbo wa Kikongo wa moja huweza kuingia katika mahubiri ya nyingine.

Baadaye redio zenyewe zikaja na tundu la USB usoni, na watu wakadhani chaji imepata kwao. Tundu hilo liliwekwa kwa ajili ya kusoma fleshi. USB ya kawaida hutoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati mbili na nusu. Kutoka Arua hadi Koboko, kupitia Maracha, ni kilomita 55 hivi, na tangu barabara hiyo ya Vurra hadi Oraba iwekwe lami katikati ya miaka ya 2010 safari ni kama saa moja. Kwa saa hiyo simu yenye betri ya miliampea-saa 5,000 haipati zaidi ya asilimia 13, tena ikiwa imezimwa skrini. Chaja nzuri ya tundu la kiwashio hutoa wati 10, mara nne ya hapo.

Waya nao una siri yake. USB ya kawaida ina nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za kupitishia data. Nyaya nyingi za bei rahisi zina mbili za umeme tu: simu inachaji, redio haioni wimbo hata mmoja, na redio ndiyo inayolaumiwa.

Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Yanayoingia sasa mengi yana Bluetooth, inayobeba muziki bila waya lakini haibebi umeme. Laini ya taifa ilifika West Nile 2024, ila msafiri wa Oraba bado hutumia simu njia nzima na kuhitaji chaji garini. Siku hizi mafundi hufunga redio za Android za Kichina zinazofika 108. Ninawasihi wenye teksi: fundi akiwa amekwisha kuifungua dashibodi, mwambieni avute waya wa chaji ulio peke yake, wenye fyuzi yake. Katika Toyota nyingi za zamani fyuzi moja ya ampea 15 hubeba kiwashio na redio pamoja. Sarafu ikidondokea tunduni, chaji na muziki hukatika mara moja.