Yowe la mlimani lina namba

Zamani huku kwetu Uchagani dharura ilikuwa na sauti moja: yowe. Lilipigwa Marangu au Kibosho, likapokewa kihamba hadi kihamba, na majirani wakatoka. Mama aliyeshindwa kujifungua alibebwa kwa machela kupita migombani hadi barabarani. Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, tiba ilisogea karibu, usafiri haukusogea. Na mama anayevuja damu hawezi kungoja basi la asubuhi.

Ndipo ukaja mpango wa m-mama. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Serikali ikaanza kuueneza nchi nzima. Mzazi, ndugu zake au zahanati hupiga 115 bila malipo. Kituo kimoja cha mkoa, kwa wilaya zote tangu Same hadi Rombo, huuliza dalili, huchagua hospitali inayoweza kumpokea mgonjwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali, huitwa dereva wa hapo hapo kijijini aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha.

Mitambo ni mipya, lakini anayeamka usiku wa manane, masika yakinyesha, bado ni jirani. Zamani alitoa mabega yake. Leo anatoa gari na petroli. Kwa hiyo nasema, malipo yake yasicheleweshwe hata siku moja. Akizima simu, 115 itapokelewa Moshi, lakini huko mlimani yowe halitakuwa na wa kuliitikia.