Kipimo cha Maji ni cha Nani?

Wasikilizaji wetu, mtu asimamaye kando ya bwawa kubwa huona uso wa maji tu. Akiba iliyo chini yake haioni. Kwa hiyo watu wa nchi zenye mvua haba, tangu kale, walitia alama za kupimia maji. Leo twataka kunena habari za miji miwili ya bara letu, tupate kujibu swali moja: je, kipimo hicho ni siri ya wakubwa, au ni mali ya wote wanywao?

Katika kisiwa cha Roda, mjini Kairo, pana kisima kilichojengwa mwaka 861, zamani za Khalifa al-Mutawakkil. Katikati yake imesimama nguzo ya marumaru yenye alama za dhiraa, na maji ya mto Nile yaliingia humo kwa njia za chini kwa chini. Mto ulipofika dhiraa 16, wakulima walijua kwamba mashamba yatalowa, na serikali ilijua kwamba kodi italipwa. Ulipokawia, wenye nafaka waliificha ghalani, bei ikapanda hata kabla ya njaa kuingia. Basi katika karne ya 10 Khalifa al-Muizz alikataza kipimo kisitangazwe mpaka dhiraa 16 zitimie. Hofu yake ilikuwa na maana. Walakini maskini alibaki gizani.

Sasa na tushuke mpaka kusini kabisa, Cape Town. Huko mvua hunyesha majira ya baridi, na kiangazi ni kikavu. Mji huishi kwa akiba ya mabwawa 6 makubwa. Lipitalo yote ni Theewaterskloof, lenye zaidi ya nusu ya nafasi yote. Wapimaji husoma kimo cha maji, kisha hukigeuza kuwa ujazo. Sisi tufundishao hesabu twajua sababu: bonde ni jembamba chini na pana juu, hata futi moja ya chini hailingani na futi moja ya juu. Tena sehemu 10 za mwisho katika 100 ni shida kuzivuta.

Tangu 2015 hata 2017 mvua zilipungua miaka 3 mfululizo. Wakuu wa mji wakatangaza kipimo cha mabwawa kila juma. Mwanzo wa 2018 wakaonya kwamba mabwawa yakishuka hata sehemu 13.5 katika 100, mifereji ya nyumba nyingi itafungwa, na kila mtu atapanga mstari apewe lita 25 kwa siku. Tangu tarehe 1 Februari kila mtu aliambiwa asipite lita 50. Watu wakaoga ndani ya beseni, na maji yale wakayamwaga chooni. Matumizi ya mji yakashuka karibu nusu ya yale ya miaka 3 nyuma. Katikati ya mwaka mvua ikaja, na siku ile ya kuogopwa haikufika.

Lakini wakaao katika vibanda vya kandokando ya mji walikuwa wamekwisha zoea kuchota kwa ndoo katika mfereji mmoja wa watu wengi. Kwao mstari haukuwa habari mpya.

Basi, al-Muizz alificha kipimo ili watu wasifiche nafaka. Cape Town ilikitangaza ili watu wasimwage maji. Kipimo hakiongezi hata tone moja bwawani. Kazi yake ni kumpa mtu nafasi ya kutenda wakati maji yangalipo. Akisomewa yakiisha, amepewa habari za msiba tu.