Tembo wawili na nyasi

Methali ya tembo wawili twaijua sote: wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Katekista huitaja akiwapatanisha mume na mke, akiwaonyesha watoto wao. Lakini katika historia ya Maniema nyasi hizo ni nani?

Kiswahili kiliingia Maniema kwa njia ya pembe za tembo. Waarabu na Waungwana walifika Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe na watumwa. Lugha yao ikabaki. (Kule pwani tembo ni pia jina la pombe ya mnazi, basi watani wa huko wana kazi rahisi kuliko wa kwetu.) Mwaka 1892 vita vikaanza kati yao na Dola ya Leopold II, iliyozitaka pembe zilezile. Nyangwe ilitekwa mwezi wa tatu 1893, Kasongo mwezi wa nne.

Wazungu walikuwa wachache mno, na Waarabu wenyewe vilevile. Hapo methali yapungukiwa, kwa maana haisemi kwamba nyasi zilipewa bunduki. Tazameni Ngongo Lutete. Kwanza alimtumikia Tippu Tip, halafu mwaka 1892 akahamia upande wa Dola pamoja na askari zake. Pasipo yeye, naamini, ushindi ungalikuwa mgumu sana. Hata hivyo tarehe 15 Septemba 1893 maofisa wa Dola walimpiga risasi huko Ngandu, kwa shitaka la uhaini. Wengi wa askari zake walipelekwa Luluabourg. Mwaka 1895 wakaasi, wakamwua mkuu wa kambi.